Kabla hujanunua nyasi: uwanja wetu wa Nzuguni

Tulihamia Nzuguni, hapa Dodoma, mwezi wa sita, nyumba haijapigwa rangi na uwanja mtupu kama kiganja. Kiwanja ni mita za mraba 1,200. Ukitoa nyumba, banda la kuku na shimo la maji taka, inabaki kama 1,000 ya udongo mwekundu wa kichanga, na visiki viwili ambavyo mafundi walikuwa wanaegeshea mbao zao. Mimi nimekulia Muheza, Tanga. Kwetu ukitupa mbegu ya papai dirishani, mwakani unakula papai. Kwa hiyo nilipouona uwanja ule nikajisemea: nyasi katikati, maua pembeni, kazi imekwisha.

Mwezi wa saba nikanunua nyasi za kapeti, mita za mraba 60 za mbele ya baraza tu. Pamoja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ya kuzileta na vijana wawili wa kuzipanda, zikanitoka shilingi 640,000. Wiki ya kwanza nikapiga picha, nikawatumia ndugu. Wiki ya tano nikashika pembe moja, ikaja yote kama mkeka unaokunjwa, na chini yake mchwa wamejaa, wanaendelea na shughuli zao.

Hesabu nilitakiwa kuipiga kabla. Kwa jua la hapa na upepo wa mwezi wa nane, nyasi changa zinataka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mita 60 ni lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20, na siku bomba lisipotoka unanunua. Sasa piga kwa uwanja mzima: lita 5,000 kila siku. Hilo ni boza. Dodoma tunapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni wewe na dumu lako.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia asikanyage kwanza kwa wauza miche. Asubiri mvua, atoke nje, aangalie maji yanapita wapi.

Mimi nilitolewa nje na jirani yangu, mzee wa Kigogo aliyekuwepo hapo kabla ya viwanja kupimwa. Mvua kubwa ya kwanza ilishuka Desemba, jioni. Nilikuwa barazani nafurahia ubaridi, nikamwona amesimama kwenye mpaka na koti lake la mvua, anatazama ardhi. Nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi." Akaitikia, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, maji haya unayapeleka wapi?"

"Yanajiendea tu, babu."

"Hayajiendei. Unayapeleka kwangu."

Kweli. Maji ya paa yalikuwa yanaanguka nyuma ya jiko, yanachimba mfereji, yanapita uwanja wangu wote na kuingia kwake, yakibeba udongo wangu wa juu na samadi niliyoilipia. Na paa si kitu kidogo: kila mita 100 za mraba za bati, mvua ya milimita 10 tu inamwaga lita 1,000. Mvua moja nzuri ni madumu 50, nami nilikuwa nayagawa bure kwa jirani!

Kesho yake, udongo ukiwa bado laini, tulichomeka vijiti kila maji yalipopita. Kisha nikachimba makinga maji ya nusu mwezi kufuata vijiti: upana kama mita 2, kina cha sentimita 30, udongo wote ukikaa upande wa chini wa mteremko, mdomo ukiangalia maji yanakotoka. Yakijaa la kwanza yanamwagikia la pili. Nilichimba 9 kwa wiki 2, mwenyewe, kwa jembe na sururu. Usichimbe karibu na msingi wa nyumba. Mimi la kwanza niliacha mita 4. Na chimba ardhi ikiwa imelowa. Mwezi wa kumi udongo huu unagonga kama sakafu.

Miti ikaingia humo, mmoja mmoja kwa kila kinga, si kupangwa mstari kama gwaride. Mwarobaini 3 kwa ajili ya kivuli, mbali na ukuta na shimo la maji taka maana mizizi yake haina adabu. Mkwaju mmoja, mtopetope, mikomamanga 2, miembe 2. Miche ilikuwa midogo ya kwenye viriba, ile ya bei ya chini kabisa. Mche mkubwa uliokaa sana kwenye kiriba mizizi yake imejisokota, na hapa uwanjani mdogo uliupita kabla ya mwaka wa pili.

Lakini miti iliyoishinda yote hiyo hatukuinunua. Ni vile visiki. Nilikuwa nimeshapatana na kijana aje aving'oe kwa shilingi 30,000, mzee akaja mbio. Ilikuwa mikungugu, jamii ya migunga, na baada ya mvua ilikuwa imechipua kama ufagio, machipukizi zaidi ya 20 kwa kila kimoja. Akachagua matatu yaliyonyooka, akakata mengine yote kwa panga lake, akafunga kitambaa chekundu ili mtu asije akayakata kwa bahati mbaya. Vijijini huku wanaita kisiki hai. Siri yake ni mizizi: mche wa dukani unaanza kutafuta maji upya, kisiki kilishayafikia zamani. Sijakimwagilia hata dumu moja. Leo nafunga kamba ya nguo juu kuliko kichwa changu, na chini ya kivuli chake ndipo tunapokula Jumapili. Kama mafundi wako bado wapo saiti, kaa nao wasing'oe kitu.

Mbele ya baraza, palipokufa nyasi, kuna kichanja cha zabibu. Upo Dodoma, utashindwaje? Wakulima wakipogoa wanatupa fito. Omba zilizokomaa, unene wa penseli, kata zenye macho manne au matano, zikae kwenye viriba kivulini mpaka zichipue. Nguzo ni mirunda iliyobaki kwenye ujenzi. Chini nimemwaga vipande vya tofali na mawe ya msingi yaliyobaki, na hapo vumbi la mlangoni likakoma. Zabibu zenyewe ndege wanakula nusu. Sina ugomvi nao, nilitaka kivuli.

Bogenvilia ni vivyo hivyo, omba matawi. Minyaa kwa uzio ni rahisi kuliko kitu chochote, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali; mimi wenye watoto wadogo ninawaambia wapande mkonge au shubiri.

Maji ya kufulia yanaenda kwa mwarobaini na bogenvilia kwa zamu, ila si yale yenye jiki, na hayaendi kwenye mchicha. Kama kisima chako kina chumvi kama vingi vya huku, mwagilia chini kwenye shina. Ukipiga juu, majani yanabaki na ukoko mweupe kisha yanaungua pembeni.

Sasa jambo lililoleta maneno nyumbani: kufagia. Sisi tumelelewa hivyo, uwanja usiofagiwa alfajiri ni aibu ya mwenye nyumba. Lakini ule ufagio kila siku unaondoa majani, unalainisha vumbi, halafu upepo wa Agosti unakuletea lote ndani kwenye makochi. Nilipoanza kutandaza majani na maganda ya karanga chini ya miti, mama mkwe alikuja kututembelea, akashika ufagio bila kuuliza. Hoja yake ilikuwa nyoka na nge, na ana haki. Tukapatana: mita 5 kuzunguka nyumba panafagiwa, peupe kabisa, kuanzia hapo matandazo yanabaki, ila yasiguse shina, maana mchwa wanapandia hapo.

Kwa miaka mitatu, ukiondoa zile nyasi, nimetumia kama shilingi 410,000. Kubwa kuliko zote ilikuwa kirikuu 4 za samadi ya mbuzi na mabomba ya kutoa maji kwenye bati.

Kona ya nyuma bado tupu, kama mita 300 hivi. Nilikuwa na mpango nayo, lakini watoto wa mtaa wameshaweka magoli ya mawe, na mzee jirani ndiye refa.