Barua kwa mwanangu: mkono wa benchi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni dhambi kanisa lenu kuweka vioo vya rangi na bustani ilhali watu wanalala barazani. Mhubiri Yohane Krisostomo alishakujibu tangu karne ya 4: usimheshimu Kristo kwa hariri ndani ya kanisa ukamwacha nje, uchi na baridi. Askofu Ambrosi wa Milano naye alivunja vyombo vitakatifu akakomboa mateka. Ningeweza kuishia hapo.

Ila yule mwanamke wa Marko 14 alimmiminia Yesu marhamu ya dinari zaidi ya 300, karibu ujira wa mwaka mzima wa kibarua, na waliokemewa ni waliopiga hesabu kwamba ingeuzwa wapewe maskini. Basi bei si kipimo. Mimi nasema, na dada yako ameshachoka kunisikia: angalia mlango. Katika Yeremia 22, ole ya mfalme Yehoyakimu haikuanzia kwenye mierezi wala rangi nyekundu ya jumba lake. Ilianzia kwa jirani aliyetumikishwa bila ujira. Na Yerusalemu Mpya ya kitabu cha Ufunuo imejaa dhahabu na vito, lakini milango yake 12 haifungwi.

Unalikumbuka lile benchi la uani? Mbao zilipigwa randa na msasa mpaka zikateleza. Kisha kamati ikaongeza mkono wa chuma. Muhtasari wa kikao ukasema ni wa wazee, wajishikilie wakiinuka. Kumsaidia mzee, mikono ingetosha kwenye ncha mbili za benchi, mwanangu. Ule tuliuweka katikati, mtu asiweze kujinyoosha. Tena ulikuwa na nakshi, wageni waliusifu. Nami niliunga mkono.

Labda najilaumu bure, maana hata wazee walihitaji pa kukaa asubuhi. Lakini Zekaria 8 inapouona mji uliopona haitaji minara. Inataja wazee na mikongojo yao, wameketi njiani, na watoto wakicheza papo hapo.

Kwa hiyo kwenye mchoro ulionitumia nimetafuta bomba la maji: liko ndani ya uzio. Taa zinamulika ukuta, njia ya miguu ina giza. Miti yote iko upande wa ofisi. Hayo yarekebishwe kabla zege halijamwagwa.

Kuhusu vioo, amueni wenyewe. Ingawa mimi… haya, nimenyamaza.

Benchi bado lipo. Mkono umeshikwa na boliti 4 chini ya ubao, spana namba 13. Ukija, njoo nayo.

Mzazi wako