Masta sio leseni: kwa mnaoanza safari ya LMFT hapa California

Ndugu zangu mnaotaka kuwa washauri wa ndoa na familia wenye leseni, karibu wote mnaniulizia masta tu. Masta ni lazima kweli, yuniti 60 za semesta, na kabla hujalipa ada hakikisha programu yenyewe inakidhi masharti ya bodi ya jimbo, maana kuna masta za saikolojia zina majina mazuri tu ila leseni hii hazikufikishi. Lakini shule inaisha. Kazi iko kwenye masaa.

Unatakiwa masaa 3,000 chini ya msimamizi, ndani ya wiki zisizopungua 104, na kwa wiki moja hawakuhesabii zaidi ya 40, kwa hiyo hata ujitume vipi chini ya miaka miwili humalizi. Kati ya hayo 1,750 uwe umekaa na wateja kabisa, na humo ndani 500 yawe ya wanandoa, familia au watoto. Hizo 500 ndo zinakwamisha watu! Mtu anapangiwa mteja mmoja mmoja mwaka mzima anashtukia hana hata mia, kwa hiyo siku ya kwanza kazini uliza kabisa, wanandoa nitawapata hapa? Wakisitasita tafuta sehemu nyingine mapema.

Halafu fomu ya masaa ya kila wiki jamani, saini mpate wiki hiyo hiyo. Msimamizi wangu wa kwanza aliacha kazi ghafla, mi nina fomu za miezi minne kwenye folda, masaa nimejaza vizuri kila siku, pale pa saini peupe. Nilimtafuta hadi nikachoka, bahati nzuri alipatikana akasaini, ila usingizi wa kipindi kile nisingependa yeyote wenu aupitie. Tangu hapo kila Ijumaa nilikuwa siondoki bila saini, na kopi napiga picha.

Ukishahitimu usikae na cheti ukutani, omba namba ya usajili wa AMFT (yaani mshauri aliyehitimu anayefanya kazi chini ya msimamizi kabla ya leseni) ndani ya siku 90, ukichelewa masaa uliyofanya katikati hayahesabiwi. Na hata ukiwahi, kazini wawe wamekupima alama za vidole kabla hujaanza, la sivyo hayo masaa ya kusubiria namba nayo yanapotea. Ofisi ya mshauri binafsi usiguse kabla namba haijatoka.

Mitihani ni miwili, wa sheria na maadili unaufanya ukiwa bado AMFT, ule wa kliniki mpaka masaa yatimie. Na dada zangu mnaosimama kulea, masaa ya baada ya kuhitimu yakizidi miaka 6 kabla hujaomba leseni yanaanguka, pigeni hesabu mapema. Anayefikiria kuhamia jimbo lingine aulize bodi ya huko kabla hajafunga mizigo, kila jimbo lina masharti yake.