Maswali na Majibu: Hataza, Bei na Ubora wa Vifaa vya Kulengea

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Wisconsin na kila Novemba huenda kuwinda kulungu. Mwaka huu nataka kufunga kwenye bunduki yangu kifaa cha kulengea chenye nukta nyekundu. Kile cha kampuni ya Sweden kinauzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya kile kilichotengenezwa China, ilhali nikichungulia dukani naona nukta ileile. Mzee ninayewinda naye anasema kwamba cha China ni wizi wa uvumbuzi wa watu na tena kitaniangusha siku ya siku. Je, anasema kweli? — Msomaji, Wisconsin

JIBU: Ndugu msomaji, mzee wako ameunganisha mambo mawili ambayo ni lazima tuyatenganishe: haki ya kutengeneza kitu, na ubora wa kitu kilichotengenezwa.

Tuanze na haki. Wazo la kumwonyesha mlengaji alama ya mwanga inayoonekana kana kwamba imekaa mbali, juu ya shabaha yenyewe, lilibuniwa mwaka 1900 na Howard Grubb, fundi wa darubini wa Dublin. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden iliuza kifaa chake cha kwanza mwaka 1975, ikitumia taa ndogo ya diodi ambayo mwanga wake unaakisiwa na lenzi iliyopakwa utando maalumu, utando unaorudisha rangi nyekundu kwenye jicho na kuruhusu rangi nyingine zipite. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, na walistahili kulindwa. Lakini hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwa peke yake katika kufaidi uvumbuzi wake, haidumu milele. Kwa kanuni ya sasa ya Marekani na ya nchi nyingi, hataza ya uvumbuzi hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi. Baada ya hapo uvumbuzi huwa mali ya watu wote. Msingi wa kifaa cha nukta nyekundu ulikwisha kuwa huru zamani, kama ilivyotokea kwa mipako ya kupunguza mng'ao wa lenzi, ambayo Zeiss ya Ujerumani iliichukulia hataza mwaka 1935 na leo imo hata kwenye darubini za bei ya chini kabisa. Anayetumia kanuni iliyokwisha kuwa huru haibi. Analofanya ndilo lililokusudiwa na sheria tangu mwanzo: mvumbuzi apewe muda wa kufaidi, kisha ushindani uanze.

Kinacholindwa bado ni maboresho mapya: namna ya kubana betri, swichi inayowasha nukta bunduki ikitikiswa, umbo la nje la kifaa. Marekani hutoa pia hataza ya umbo, na iliyoombwa kuanzia tarehe 13 Mei 2015 hudumu miaka 15 tangu kutolewa. Ndiyo maana mshindani mwangalifu hubadilisha umbo na mpangilio wa ndani ili asiiguse hataza iliyo hai, na mara nyingine kazi hiyo ya kukwepa humzalishia ubunifu wake mwenyewe. Jambo jingine kabisa ni kifaa kinachobandikwa nembo ya kampuni nyingine. Huo ni ughushi, na vifaa vya namna hiyo, ambavyo vingi vimeundwa kwa ajili ya bunduki za kuchezea, havistahili kufungwa kwenye bunduki ya kweli.

Sasa ubora, na hapa nakuomba uwe na subira nami, kwa sababu ndipo wawindaji wengi wanapopoteza fedha zao.

Kiwanda cha ng'ambo hutengeneza kile kilichoagizwa. Mwenye nembo ndiye anayeamua kioo kiwe cha daraja gani, lenzi ipakwe tabaka ngapi, gesi ya naitrojeni au agoni ijazwe vipi ili ukungu usiingie ndani, na vipande vingapi katika kila shehena vifungwe kwenye mashine ya kuiga teke la bunduki kabla ya kusafirishwa. Kiwanda kimoja kinaweza kutoa vifaa viwili vinavyofanana kwa nje kama mapacha, kimoja kikiwa na kazi nzuri ndani yake na kingine kikiwa na springi dhaifu na gundi iliyowekwa kwa haraka. Tofauti ya bei imekaa huko, mahali ambapo jicho la mnunuzi dukani halifiki. Vortex, kampuni ya vifaa vya kulengea ya jimbo lako, huagiza nyingi za darubini zake za daraja la juu za Razor kutoka Japan, na nyingine za bei nafuu kutoka Ufilipino na China. Mwenye nembo ni yuleyule. Kilichobadilika ni masharti ya oda.

Nakumbusha pia kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia vifaa vya Japan vyenyewe vilidharauliwa kama mzee wako anavyovidharau vya China. Wajapani walijibu kwa ukaguzi: sheria ya mwaka 1957 ilidai bidhaa zilizotajwa zikaguliwe kabla ya kuuzwa nje, na kamera na darubini zao zilibandikwa kibandiko kidogo cha umbo la yai kuthibitisha kwamba zimepita. Heshima ya leo ilitokana na uzito wa ukaguzi huo.

Wala kutengenezwa Marekani si kinga. Mwaka 2015 kampuni ya L-3, iliyokuwa ikimiliki EOTech ya Michigan, ilikubali kulipa dola milioni 25.6 kumaliza madai ya serikali kwamba iliviuzia vikosi vyake vifaa vya kulengea vya hologramu huku ikijua kuwa nukta ya kulenga husogea katika baridi kali na joto kali. Askari aliamini nukta, na nukta haikuwa mahali pake. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko ugomvi wowote wa hataza, na kwa mwindaji maana yake ni mnyama aliyejeruhiwa akapotelea msituni.

Kwa hiyo kipime mwenyewe kabla ya msimu. Funga bunduki imara kwenye egemeo, sogeza kichwa bila kuigusa, uone kama nukta inaihama shabaha kupita kiasi. Kisha, kwa yadi 100, ikiwa kila mbofyo wa kitasa cha kurekebisha ni robo ya dakika ya pembe (dakika moja ni sehemu ya sitini ya digrii), panda mibofyo 40: risasi zinapaswa kupanda takriban sentimita 26.6, na ukirudisha 40 zirudi palepale. Kiache usiku kucha kwenye baridi ya nje, ukirudie kipimo asubuhi. Kikishindwa, kirudishe dukani kabla muda wa kurudisha haujapita.

SWALI: Kampuni iliyoniuzia ikishtakiwa kwa kuvunja hataza, je, nitanyang'anywa kifaa nilichonunua? — Msomaji, Ohio

JIBU: Sheria ya Marekani inahesabu hata matumizi kuwa ukiukaji wa hataza, lakini kwa kawaida wenye hataza huwashtaki watengenezaji na waagizaji, siyo mwindaji mmojammoja. Wanaweza pia kuiomba Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani izuie bidhaa hizo forodhani. Hasara inayoweza kukufikia ni ya waranti, kwa sababu bidhaa zikizuiwa na muuzaji akafunga biashara, hutapata wa kukutengenezea. Kabla ya kulipa, angalia waranti imeandikwa na nani na kituo chake cha matengenezo kiko wapi.