Sampuli, kiolezo au kielelezo cha kujaribia?

Swali: Ninasomea ubunifu wa bidhaa. Kabla ya kuunda kitu chenyewe, tunatengeneza umbo lake kwa maboksi na gundi, tunawapa watu walishike, kisha tunalitupa na kutengeneza jingine. Mwalimu huliita sampuli, wenzangu huliita kiolezo. Lipi ni sahihi?

Jibu: Sampuli ni sehemu ya kitu ambacho tayari kipo, kama kipande cha kitambaa kilichokatwa kwenye jora au konzi ya mchele iliyochotwa guniani. Anayeonyeshwa sampuli hutarajia kilichobaki kiwe vivyo hivyo, ilhali boksi lenu halikumegwa popote. Kiolezo nacho kinatokana na kuoleza, yaani kufanya kitu kifanane na kingine, kwa hiyo hutengenezwa ili kifuatwe. Ninyi mnatengeneza umbo ili likosolewe.

Ningechagua kielelezo. Kwa kuwa mahakamani neno hilo ni kitu kinachotolewa kuwa ushahidi, na vitabuni ni mchoro, lifafanuliwe: kielelezo cha kujaribia wazo. Nasisitiza kujaribia, si kujaribu. Kama ilivyo katika kisu cha kukatia nyama, kiambishi -i- kinaonyesha kwamba kitu hicho ni nyenzo ya tendo, na kinachojaribiwa hapa ni wazo. Jeff Hawkins, mbunifu wa kompyuta ya mkononi ya Pilot, ambayo baadaye iliitwa PalmPilot, kabla haijaingia sokoni mwaka 1996 alitembea na kipande cha mbao mfukoni, akikitoa na kujifanya anaandika juu yake. Mbao ile haikuwa na cha kuwashwa wala kuzimwa. Aliitumia kujaribia kama kitu cha ukubwa ule kingefaa kubebwa siku nzima.

Mkitaka kutaja pia kasi ya kutengeneza na kutupa, msiandike “vielelezo vya haraka”, maana sifa hiyo ikikaa kwenye kitu humkumbusha msomaji fundi aliyelipua kazi. Andikeni “uundaji wa haraka wa vielelezo”, haraka ibaki kwenye tendo. Katika mazungumzo, mimi ningeazima hata neno la mafundi cherehani, bandi: fundi hupiga bandi kwa mishono mirefu iliyolegea, mteja akavaa, akasema kwapani panabana, nyuzi zikafumuliwa kabla vazi halijashonwa moja kwa moja. Sijasikia mteja akilalamika kwamba bandi imeshonwa ovyo.