Kubashiri aliyepotea yuko wapi: jibu kutoka kwa aliyekuwa anapokea simu

Mleta mada ameuliza swali la haki kabisa. Mwanafunzi wa chuo ametoweka, polisi hawasemi lolote, je, kuna ubaya gani watu wakijadili kilichompata? Si angalau jina lake halisahauliki? Wachangiaji wengi wamemuunga mkono, wengine wanasema umma una macho mengi kuliko kituo cha polisi. Mimi nimekaa upande mwingine wa jambo hili. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipotea akiwa mwaka wa pili chuoni, na namba ya simu iliyokuwa chini ya tangazo ni yangu. Nimepokea zile simu, nimesoma zile nyuzi za mijadala mtandaoni, na nimeona zilivyotufikisha na zilivyotuchelewesha.

Mwanzoni simu zilikuwa za msaada wa kweli. Kondakta mmoja alipiga kusema amembeba abiria anayefanana naye, akataja siku, akataja aliposhukia. Binti wa darasani kwao alisema walipishana mlangoni mwa hosteli, alikuwa na begi mgongoni. Habari fupi, za mtu aliyeona kwa macho yake. Kisha mjadala ukashika moto mtandaoni, na simu zikabadilika. Watu wakaacha kusema walichokiona, wakaanza kusema walichokisoma. "Kaka, mchunguzeni mpenzi wake." "Kaka, tunasikia alikuwa na mimba." "Kaka, kuna watu wanauza mabinti nje, ulizeni huko." Ukimuuliza umejuaje, anakutajia mtu mwingine, na huyo mwingine anakutajia bandiko. Zilinifikia taarifa zilizoonekana kutoka kwa watu tofauti kabisa, wa miji tofauti, zote zikisema jambo moja, nikaamini tumepata kitu. Mpelelezi alipozifuatilia moja moja zote zilirudi kwenye komenti ya mtu mmoja asiyetufahamu hata kidogo.

Hapo ndipo wengi hawaoni gharama. Mpelelezi hawezi kuitupa taarifa inayotaja mtu au mahali kwa sababu tu ina harufu ya uvumi, maana huenda ndiyo yenyewe. Kwa hiyo anaondoka, anakwenda, anauliza, anarudi mikono mitupu. Muda aliotumia kufuata dhana ya mtu aliyekaa kitandani kwake ni muda ambao kamera za kituo cha mabasi zinaendelea kurekodi juu ya picha za zamani. Kamera nyingi za biashara hazitunzi picha kwa muda mrefu, zikijaa zinajifuta zenyewe. Hilo ni jambo ambalo familia nyingi hazilijui mpaka zimechelewa.

Lakini gharama hiyo ya muda si kubwa kuliko zote. Kubwa kuliko zote ni kwamba kubashiri kunawanyamazisha watu wanaojua.

Niwaeleze ilivyotokea kwetu. Mdogo wangu aliondoka na simu yake, ikazimwa siku hiyohiyo, ila kompyuta yake ilibaki chumbani. Akaunti yake ya WhatsApp ilikuwa imeunganishwa kwenye hiyo kompyuta. Mwenzake wa chumba, binti mwenye moyo mzuri sana, aliifungua usiku atafute kama kuna ujumbe wowote wa kutusaidia. Ukifungua WhatsApp kwenye kifaa kilichounganishwa, wanaoitazama ile akaunti wanaona mwenyewe yuko hewani, hata kama simu yake imezimwa. Mtu akapiga picha ya skrini: "Binti anayesemekana amepotea yuko hewani saa nane usiku." Asubuhi ikawa habari kubwa. Mchana wakaanza kuuliza nani ana simu yake. Jioni wakawa wamempata mtuhumiwa: mwenzake wa chumba. Picha zake zikachukuliwa kwenye kurasa zake na kuzungushiwa duara jekundu. Wakasoma uso wake kwenye video tuliyorekodi ya kuomba msaada, wakasema mbona halii, mbona anaangalia pembeni. Wakatafuta namba ya mama yake wakaanza kumtukana.

Yule binti akafuta kurasa zake zote, akabadilisha laini, akarudi kwao. Mpelelezi alipotaka kuongea naye mara ya pili, wazazi wake wakasema hataongea bila wakili. Siwalaumu hata chembe. Mzazi yeyote angefanya hivyo.

Sasa sikilizeni alichokuwa anakijua. Alijua kwamba mdogo wangu alikuwa amedisko, yaani amefeli na kuondolewa chuoni. Matokeo yalikuwa yametoka, jina lake halimo, na alikuwa amemwapisha mwenzake asimwambie mtu mpaka apate namna ya kuwaeleza wazazi. Alijua pia kuna rafiki wa sekondari ambaye mdogo wangu alikuwa akizungumza naye sana wiki ile. Alikuwa anajiuliza kama avunje kiapo. Mtu wa namna hiyo anahitaji utulivu na mtu wa kumwamini, akikaa naye kidogo atasema. Badala yake alipata maelfu ya watu wanaomwita muuaji. Taarifa ile ilitufikia baadaye sana, kupitia mchungaji wao, na ilipofika hatukuhitaji kitu kingine. Tulikwenda moja kwa moja kwa yule rafiki. Mdogo wangu alikuwa hapo, mzima, amekonda, anaogopa.

Aliniambia jambo ambalo nataka kila mchangiaji humu alisome mara mbili. Alikuwa anasoma. Aliazima simu ya rafiki yake, akasoma kila kitu: habari za mimba, za kuuzwa, za mwanamume mtu mzima ambaye hata hamjui. Alikuwa ametaka kurudi siku za mwanzo, ila kila akisoma aliona mlango wa kurudi unazidi kuwa mwembamba. Angerudi kama nani? Aibu ya kudisko alikuwa ameshajiandaa kuibeba. Hizo nyingine zilimshinda.

Najua mtasema yangu ni kesi moja, na kwamba aliyepotea kwa hiari si sawa na aliyetekwa. Ni kweli. Tuangalie basi yaliyo wazi mbele ya dunia. Machi 2013, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, huko Providence nchini Marekani, alitoweka. Familia yake ikafungua ukurasa wa Facebook wa kumtafuta. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Aprili, mabomu yakalipuka kwenye mbio za marathoni za Boston. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipotoa picha za watuhumiwa tarehe 18, watu kwenye Reddit (mtandao wa majadiliano) na Twitter wakalinganisha sura, wakaamua kijana aliyepotea ndiye mlipuaji. Usiku mmoja ukurasa wa kumtafuta mtoto ukajaa matusi mpaka familia ikaufunga. Asubuhi polisi wakataja watuhumiwa halisi, ndugu wawili wasiohusiana naye kwa lolote. Tarehe 22 meneja wa Reddit akaomba radhi hadharani. Tarehe 23 mwili wa kijana ukaopolewa mtoni Providence, na uchunguzi haukuona dalili ya kuuawa. Fikirini mama yule: alikuwa akimtafuta mwanawe, na katika zile siku za mwisho kabla ya kumpata alilazimika kumtetea kwamba si gaidi.

Au mji wa Moscow, jimbo la Idaho, hukohuko Marekani, Novemba 2022, ambako wanafunzi wanne wa chuo kikuu waliuawa ndani ya nyumba ya kupanga. Hao hawakupotea, ila mchezo wa kubashiri ulikuwa uleule. Waliosalimika mle ndani walishukiwa, majirani wakashukiwa, na mwanamke mmoja kwenye TikTok akadai karata zake za ramli zimemwonyesha kwamba profesa wa historia wa chuo hicho ndiye aliyepanga mauaji. Profesa akafungua kesi ya kashfa. Tarehe 30 Desemba mtu mwingine kabisa alikamatwa, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka chuo cha jirani, na mwaka 2025 akakiri kosa. Kilichomfikisha mahakamani ni vinasaba kwenye ala ya kisu, gari lake kwenye picha za kamera na kumbukumbu za simu yake. Kati ya vitu hivyo vitatu hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye ubashiri wa mitandaoni.

Mchangiaji mmoja ametaja kesi ya San Luis Obispo, California, akisema pale umma ndio ulioleta haki. Namshukuru, kwa sababu ndiyo kesi ninayoifikiria zaidi. Binti wa mwaka wa kwanza alitoweka Mei 1996 akirudi bwenini kutoka kwenye sherehe. Polisi wa chuo walizubaa, wakidhani amekwenda mapumziko ya mwisho wa wiki. Uzembe ule ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1998 jimbo likapitisha sheria ya kuvibana vyuo vishirikiane na polisi wa mji katika kesi nzito. Kwa hiyo wanaosema mamlaka wakati mwingine hulala, wana haki, nami sitawabishia.

Lakini angalieni vizuri. Mwanafunzi aliyeonekana naye mara ya mwisho alijulikana tangu wiki ile ya kwanza. Watu walimshuku mwaka 1996, wakamshuku 2006, wakamshuku 2016. Shuku haikupungua hata siku moja, na haikumgusa. Kilichokuwa kinakosekana ni mashahidi. Mwaka 2019 mwanamuziki mmoja wa eneo hilo, Chris Lambert, akaanza podikasti, kipindi cha sauti cha mtandaoni, kuhusu kesi hiyo. Alifanya kazi ya kuchosha: akatafuta waliokuwepo, akawasikiliza mmoja mmoja, na walichokuwa nacho cha maana kikafika kwa wapelelezi. Watu ambao hawakuwahi kuhojiwa wakazungumza. Mtuhumiwa akakamatwa 2021, akatiwa hatiani Oktoba 2022, na Machi 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Lambert aliwafanya wanaojua wajisikie salama kusema. Nyuzi za kubashiri zinawafanya wajute kwamba waliwahi kumfahamu aliyepotea.

Kuna na matapeli, niwaguse haraka. Kila undani mnaouchimba na kuuanika, alama ya kovu, rangi ya viatu, jina la utani la nyumbani, tapeli anaunukuu. Alipiga mtu akamtaja mdogo wangu kwa jina ambalo ni nyumbani tu tunamwita, akasema yuko naye, tutume hela ya dawa haraka. Mama mdogo alikuwa ameshaanza kutuma. Jina lile lilikuwa limeandikwa na mtu aliyesoma naye shule ya msingi, kwenye komenti, kwa nia njema tu. Ndiyo sababu wapelelezi huficha jambo moja au mawili kwenye tangazo: atakayepiga akilitaja bila kuulizwa, wanajua ameona kweli. Mkilifukua mkaliweka hadharani, mmewaondolea kipimo chao.

Kwa hiyo nikijibu swali lenyewe, mkuu: sambazeni tangazo kama lilivyo, lenye tarehe na namba rasmi, msiongeze neno. Kama umemwona, au unadhani umemwona, kabla hujasoma komenti hata moja andika mahali ulipokuwa, saa ngapi, alivaa nini, nani alikuwepo. Ukishasoma ya wengine kumbukumbu yako inachanganyika nayo na hutaweza tena kuitenganisha. Kisha piga ile namba. Kama polisi wanazembea, wabaneni wao: ulizeni kama kumbukumbu za simu zimeombwa, kama kamera za njiani zimechukuliwa, kama hospitali zimepitiwa. Maswali hayo hayamtuhumu mtu yeyote na yanaumiza kichwa cha anayepaswa kuumia. Na msisubiri saa 24 kutoa taarifa. Saa za kwanza ndizo zenye thamani kuliko zote.

Na kama unawafahamu marafiki zake, nenda kakae nao. Usiwarekodi. Waulize kama wamekula, na kama kuna jambo wanaogopa kulisema, waambie unaweza kuwasindikiza kwa mpelelezi au kwa mtu wanayemheshimu. Mwenzake wa chumba wa mdogo wangu angepata mtu mmoja wa aina hiyo, tungempata mapema sana.

La mwisho ni la baada ya kupatikana, maana huko ndiko mnakopotea wote kwa pamoja. Mdogo wangu sasa anasoma chuo kingine, anafanya vizuri. Alipokwenda kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, aliyemhoji alikuwa ameshalitafuta jina lake mtandaoni, na akamuuliza kuhusu mimba. Mabandiko yale bado yapo. Walioandika hawana ubaya naye, wamesahau tu, wameendelea na mengine. Mkisikia huyu kijana amepatikana, kwa namna yoyote, rudini kwenye ulichoandika, toa picha, toa jina, na kama ulimtaja mtu kwa tuhuma andika palepale, kwa ukubwa uleule, kwamba hahusiki.