Kiwanda kikisema kimerudisha maji, kimeyarudisha wapi?

Ukurasa wa wasomaji: Fundi wa Maji anajibu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mukuru kwa Reuben. Maji nanunua kwa mtungi, na mifereji ikikauka bei inapanda siku hiyohiyo. Ukuta ulio nyuma yetu ni wa kiwanda kikubwa cha vinywaji. Usiku tukilala nasikia pampu yao ikivuta mpaka alfajiri. Sasa wamechora tangazo kwenye ukuta huo kwamba kila tone wanalotumia wanalirudisha kwa mazingira. Sisi maji tunayoyaona ni yale yanayotoka kwao na kuingia mto Ngong yakiwa na povu. Je, kampuni inaweza kweli kurudisha maji? Au ni maneno ya kuuzia soda?
Mama wa Mukuru

JIBU: Mama, barua yako nimeisoma mara mbili, maana nimefanya kazi upande wa pili wa ukuta kama huo. Miaka 27 nilikuwa fundi wa boila na pampu katika viwanda vya Industrial Area, na nilikuwa natoka zamu ya usiku nikiwapita akina mama wenye mitungi wakisubiri mfereji ufunguliwe. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Neno "kurudisha" lina historia. Mwaka 2004 kiwanda cha Coca-Cola kijijini Plachimada, katika jimbo la Kerala nchini India, kilifungwa baada ya wanakijiji kuandamana kwa muda mrefu wakisema visima vyao vinakauka na maji yanaharibika. Mwaka 2007 kampuni hiyo ikaahidi kwamba itarudisha kwa jamii na kwa mazingira maji mengi kama yaliyomo katika vinywaji vyake, na mwaka 2016 ikatangaza kuwa ilitimiza ahadi hiyo mwaka 2015, miaka mitano kabla ya muda. Kampuni nyingine kubwa nyingi zimefuata mtindo huo. Hesabu yenyewe hufanywa hivi: kampuni inagharamia miradi, mathalani kupanda miti, kukinga mmomonyoko wa udongo au kuwachimbia watu kisima, kisha wataalamu wanakadiria mradi umeokoa au umeleta lita ngapi. Lita hizo zinalinganishwa na zile zilizotumika.

Kwa hiyo si lazima wawe wanasema uongo. Lakini maji si pesa, kwamba ukikopa Nairobi unaweza kulipa Mombasa. Maji yana kwao. Lita iliyookolewa kwenye bonde la mto mwingine haijaongeza hata kikombe kimoja pale ilipotolewa ile ya kwanza. Ndiyo maana mtu akiniambia amerudisha maji, mimi humuuliza ameyarudisha wapi.

Tazama maji ya jiji letu. Sehemu kubwa inatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, ambalo likijaa linabeba mita za ujazo milioni 70. Maji hayo ni ya mto Thika, na kwa asili yangeteremka hadi mto Tana. Sisi tunayavuta kwa mabomba hadi Nairobi, tunayatumia, na maji taka yanayofika kwenye mabwawa ya kusafishia kule Ruai yanaachiliwa upande wa mto Athi. Kutoka hapo yanakwenda Galana, yanakuwa Sabaki, yanaingia baharini karibu na Malindi. Hayarudi Murang'a kamwe. Kiwanda kinachotumia maji ya jiji, hata kiwe na nia njema kiasi gani, hakiwezi kuyarudisha yalikotoka. Kinachoweza ni kuchukua machache, kuyaachilia yakiwa safi, na kusaidia kutunza ile miteremko ambayo maji yanaanzia.

Hilo la mwisho ninalithamini sana, kwa sababu kaka yangu analima huko Gatanga, kwenye mteremko mkali. Zamani mvua ya Aprili ikinyesha, shamba lilishuka pamoja na maji, na mto ukawa mwekundu. Udongo huo ndio unaojaza mabwawa na kuziba mitambo ya kusafishia maji, na gharama yake tunailipa sisi wa Nairobi. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Upper Tana-Nairobi, wa kwanza wa aina yake Afrika, ambao unakusanya fedha za kampuni na mashirika, zikiwemo kampuni za vinywaji, kampuni ya umeme ya KenGen na kampuni ya maji ya jiji, kisha unawasaidia wakulima wa juu kuchimba matuta, kupanda nyasi za nepia kwenye kingo na kuchimba vidimbwi vilivyotandikwa plastiki vya kuvunia mvua. Walioupanga walikadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa huko, faida ndani ya miaka 30 ingefika dola milioni 21.5. Kampuni inayochangia kazi kama hiyo, kwenye mteremko uleule unaolisha mfereji wake, inafanya jambo la maana. Ukipata nafasi waulize: miti yenu mmeipanda kwenye bonde gani?

Sasa hiyo pampu ya usiku. Kiwanda kinachovuta hadi alfajiri huenda kina kisima chake kirefu, na hapo mambo ni tofauti kabisa. Maji yaliyo chini ya mwamba wa Nairobi hayafuati ukuta wa mtu. Visima vikiwa vingi katika eneo moja na kila mmoja akivuta anavyotaka, kina kinashuka kwa wote. Kisheria kisima cha namna hiyo kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Kibali kinaandika kiasi kinachoruhusiwa kwa siku, na kisima kinatakiwa kuwa na mita na njia ya kupimia kina cha maji. Kampuni inayojali kweli haingoji mkaguzi. Inapima kina chake kila mwezi, na kikianza kushuka inapunguza kuvuta.

Na povu? Usilizoee, mama. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kipimo kinachoonyesha jinsi uchafu unavyomaliza oksijeni ndani ya maji, na kwa maji yanayoachiliwa kwenye mto kisizidi miligramu 30 kwa lita. Maji machafu ya kiwanda cha vinywaji yenye sukari, yakiachwa yalivyo, hufika mamia, hata kupita elfu. Andikeni tarehe na saa mnapoliona, pigeni picha, mpeleke NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, mkiwa kikundi. Halafu mwombe kwa maandishi ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya kiwanda hicho na leseni yake ya kuachilia maji. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Haki yenu ya maji safi na ya kutosha imo katika Katiba, ibara ya 43. Msiende kama waomba msaada.

SWALI: Salamu, Fundi. Ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha maziwa huku Baba Dogo. Mkurugenzi ametangaza kwamba tutapunguza matumizi ya maji kwa asilimia 20 kabla ya mwaka kwisha. Mpaka sasa kilichofanyika ni kubandika mabango vyooni yanayosema "Funga mfereji". Amenikabidhi mimi kazi hiyo. Nianzie wapi?
Msimamizi, Baba Dogo

JIBU: Anzia kwenye mita, mwanangu, usiku wa Jumapili.

Nitakueleza kwa nini. Mwaka 2009 ukame ulipobana na jiji likawa linagawa maji, kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi kilikuwa kinanunua malori ya maji kila siku. Wakubwa walikaa vikao, wakalaumu wafagiaji. Jumapili moja saa tano usiku, mitambo yote ikiwa imezimwa, nilifunga kila koki niliyoijua, nikaenda getini na tochi nikainama juu ya mita. Sindano ndogo ilikuwa inazunguka. Nilikaa pale nusu saa, nikaandika namba ya kwanza na ya mwisho, nikasikia uchungu. Tulipofukua tulikuta bomba la chuma lililokwenda kwenye tangi la zimamoto limeoza chini ya sakafu ya ghala. Hakuna aliyejua limevuja kwa miaka mingapi. Tundu la milimita 3 tu, kwenye bomba lenye presha ya bar 4, linamwaga zaidi ya lita 8,000 kwa siku, yaani mitungi 400. Letu lilikuwa kubwa kuliko hilo.

Basi soma mita usiku ambao hakuna kazi. Ikisonga, una mvujo. Baada ya hapo omba mita ndogo: moja ya boila, moja ya mashine za kuosha, moja ya mnara wa kupoozea, moja ya vyoo na kantini. Utashangaa vyoo vinavyotumia kidogo ukilinganisha na kuosha matangi. Bila hizo mita utabaki kubishana na kila mkuu wa idara, na kila mmoja atakuonyesha mwenzake.

Katika maziwa, maji mengi huishia kwenye kuosha matangi na mabomba ya ndani. Unajua utaratibu: maji ya kwanza ya kuondoa maziwa, kisha dawa, kisha maji ya mwisho ya kusuuza. Yale ya mwisho ni karibu safi. Yakusanye kwenye tangi lake, uyatumie kama maji ya kwanza katika uoshaji unaofuata. Ni bomba na tangi moja la ziada, na lita zinazookolewa ni nyingi kila siku. Mvuke nao ukishafanya kazi yake unapoa na kuwa maji safi yenye joto. Kama kwenu unamwagwa mtaroni, urudisheni kwenye boila, mtaokoa maji na kuni au mafuta kwa pamoja. Mnara wa kupoozea una chumvi inayojikusanya kadiri maji yanavyoruka hewani, na mafundi wengi huogopa kutu na magamba, basi wanamwaga mapema mno. Mkitibu maji vizuri na kuyaacha yazunguke hadi chumvi iwe mara sita ya ile iliyomo katika maji mnayoongeza, badala ya mara tatu, mtapunguza maji ya kuongeza kwa takriban asilimia 20 na ya kumwaga kwa zaidi ya nusu. Mipira ya kuoshea sakafu itieni vichwa vinavyojifunga mkono ukiachia.

Na paa, usilisahau. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 5,000 likinyeshewa milimita 900 kwa mwaka linapokea lita milioni nne na nusu. Hata ukipoteza sehemu yake, si haba, na viwanda vingi vya Baba Dogo vinaiacha yote ikafurike barabarani.

Lakini kuna jambo ambalo ningependa umwambie mkurugenzi mapema, kwa heshima, kabla hajaandika ripoti. Asilimia 20 ya nini? Tuseme mnatengeneza lita 100,000 kwa siku na mnatumia lita 3 za maji kwa kila lita moja. Hizo ni lita 300,000. Mkifika lita 2 kwa lita moja, mtapigiwa makofi. Ila kama biashara imekua mkatengeneza lita 200,000, sasa mnavuta lita 400,000. Ripoti itasema mmeboresha kwa theluthi, na kisima chenu kitakuwa kimebeba mzigo mkubwa kuliko mwanzo. Namba zote mbili ziandikwe, ya uwiano na ya jumla. Kampuni inayoficha ya jumla sina imani nayo, hata ikiwa na vyeti ukuta mzima.

Hayo mabango ya vyooni yaache. Hayana ubaya.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Kenya ikiuza maua ya Naivasha ng'ambo inauza maji?
Mwanafunzi, Kahawa

JIBU: Ni kweli kwa maana moja. Mwanasayansi Mholanzi Arjen Hoekstra, aliyeanzisha mwaka 2002 wazo la kuhesabu maji yaliyotumika kutengeneza bidhaa, alichapisha na wenzake mwaka 2012 utafiti kuhusu Naivasha, na walikadiria kwamba ua moja la waridi linachukua kati ya lita 7 na 13. Mtungi wa lita 20 ni kama maua mawili hivi.

Lakini ziwa halilishwi na mashamba ya maua, linalishwa zaidi na mto Malewa, na huko juu kuna wakulima wadogo wa viazi na mahindi ambao hawajawahi kuuza hata waridi moja. Kilichonipa moyo ni mpango ambao watumiaji wa maji wa chini walichanga, na wakulima wa juu wakapewa vocha za pembejeo kwa kuacha nyasi kwenye kingo na kutolima hadi ukingoni mwa mto. Hoekstra na wenzake walikwenda mbali zaidi wakapendekeza mnunuzi wa Ulaya aongeze kidogo kwenye bei ya shada, na fedha hiyo irudi kwenye bonde la Naivasha. Mimi naona wana haki. Anayelipokea ua lile mezani kwake amepokea na maji ya Malewa, na mkulima anayeyatunza anastahili kulipwa kama anavyolipwa rubani aliyelibeba.