Gemu za sarafu tulizipima kwa namna zilivyotuua

Mleta mada ameuliza tulitumia kigezo gani kupima ubora wa gemu za mashine za sarafu, yaani gemu za video ulizocheza kwa kutumbukiza sarafu, kwa sababu yeye akizitazama leo haoni ila vidoti vya rangi. Nilikuwa mwanafunzi Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mchezo mmoja uligharimu robo dola, na kwa mfuko wangu swali la kwanza lilikuwa nani amesababisha nife: mimi au mashine.

Picha peke yake haikutosha. Dragon's Lair ya mwaka 1983 ilikuwa katuni halisi iliyochezeshwa kutoka diski ya leza, kwa senti 50, na watu walijazana nyuma ya mchezaji kutazama. Hata hivyo, kazi yako ilikuwa kusukuma fimbo ya kuongozea upande unaotakiwa kwa wakati unaotakiwa, na ukishakariri mfuatano huo hakuna kilichobaki.

Pac-Man, iliyotolewa na kampuni ya Namco mwaka 1980, ambamo uliongoza kijitu kinachokula vidoti kwenye vichochoro huku kikifukuzwa na mizimu, ilimtendea mchezaji haki zaidi. Mizimu yake minne haikukimbia ovyo: ule mwekundu ulikufuata moja kwa moja, ule wa waridi ulilenga mbele yako ili ukukatie njia, na yote ilipunguza kasi ndani ya njia za pembeni zinazotokea upande wa pili wa skrini, ilhali wewe hukupunguza. Ukisukuma fimbo kabla hujafika kwenye kona, uliikata na kujipatia nafasi ndogo. Ukichelewa, uliikosa, na ukifa ulijua sababu. Kasoro yake ni kwamba waliokariri njia walicheza muda mrefu mno kwa sarafu moja (wenye mashine hawakulifurahia hilo), ndiyo maana wengi tuliipenda zaidi Ms. Pac-Man, iliyoongeza ramani na ubahatishaji kidogo katika mwendo wa mizimu.

Tulibishana zaidi juu ya Defender, ya kampuni ya Williams, ambamo uliendesha chombo cha angani na kupiga maadui. Fimbo yake ilikupandisha na kukushusha tu. Kusonga mbele, kugeuka, kufyatua, kulipua bomu na kujirusha kusikojulikana, kila kimoja kilikuwa na kitufe chake. Mgeni alikufa kabla hajajua vidole viwe wapi. Mimi naiweka juu ya zote, kwa kuwa kiramani kilichokuwa juu ya skrini kilikuonya adui anatokea wapi; wenzangu walishikilia kwamba gemu inayommaliza mgeni upesi kiasi hicho haistahili sifa.